Kurahisisha draiva za Linux ni kumrahisishia nani? Kodi ya juzi leo haikompaili

#1 NgalawaMbili
Habari za jioni wakuu. Nina vijana wanne nawafundisha kuandika draiva ndogo ndogo za Linux, kila Jumamosi baada ya kazi, sebuleni kwangu, bure kabisa. Noti zangu niliziandika 2022 nikiwa na Ubuntu 22.04 yenye kerneli (kiini cha Linux) 5.15 na zilikuwa zinapiga kazi bila shida. Jumamosi iliyopita kijana mmoja kaja na laptopu aliyoiwekea 24.04, kerneli 6.8, tukaandika ile draiva ya kwanza ambayo kila mtu anaanza nayo, ya kutengeneza faili kule /dev, kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) ikagoma kwamba class_create, fankisheni ya kerneli, tumeipa vitu vingi kuliko inavyotaka. Nikajua kakosea kuchapa, nikakaa mwenyewe kwenye kibodi, ikagoma vilevile. Kuja kuchimba nakuta kwenye 6.4, mwaka 2023, wameondoa THIS_MODULE pale, sa hivi unaipa jina tu.

Haya, hilo tukalipita. Tukaenda draiva ya pili, ya platform (vifaa vilivyojengwa kwenye bodi yenyewe). Kijana mwingine ana kerneli 6.11, anaambiwa remove yake (fankisheni ya kuondoa kifaa) inarudisha int, yaani namba ya jibu, wakati haitakiwi kurudisha kitu chochote. Somo limeisha tunarekebisha vitu ambavyo sikuja kuvifundisha, na vijana wananiuliza kwa nini wamebadilisha, sina la kuwajibu.

Kila nikisoma maelezo ya hao jamaa nakuta neno lilelile, kurahisisha. Linux haina API (njia za vipande vya programu kuongea) inayotulia, kila baada ya miezi miwili mitatu wanagusa kitu. Sasa naomba mnieleze, wanamrahisishia nani? Maana mimi, vijana wangu, na yule anayetunza draiva ya dongo yangu ya waifai (kile kidude cha kuchomeka USB), wote tunazidishiwa kazi.

#2 BodiYaKijani
Mkuu pole, ila hilo la class_create ndo mfano mbaya kuliko yote kwa hoja yako. Kile kitu cha kwanza ulichokuwa unaipa, pointa (anwani) ya moduli, yaani kipande cha kerneli kinachopachikwa na kutolewa, kilikuwa hakifanyi kazi yoyote. Kerneli inakipokea, inakiweka mahali, basi, hakuna anayekwenda kukisoma kufanya uamuzi. Kila mwandishi wa draiva duniani ananakili THIS_MODULE kwa sababu kaikuta kwenye mfano wa mwenzake, na wengi wanaamini inawalinda moduli isitolewe wakati inatumika. Hailindi. Kinacholinda ni .owner iliyo kwenye file_operations, ambayo bado ipo na bado inahitajika.

Kwaiyo ulikuwa unawafundisha vijana kuandika neno lisilo na maana, na wewe ulifundishwa hivyohivyo. Wameliondoa. Kwangu mimi huko ni kurahisisha kweli.

#3 mpita_njia_77
Nimeona "kodi haikompaili" nikajua TRA wameleta mfumo mpya, nikaja mbio 😂😂

#4 Mama Seva
@mpita_njia_77 karibu, hata humu kuna kulipa, tofauti tu hatupewi risiti.

Kwa mleta uzi, nakuunga mkono kwa upande mmoja. Mwaka juzi niliacha seva ijisasishe yenyewe usiku. Kerneli mpya ikaingia, DKMS (chombo kinachojenga upya draiva za nje kila kerneli mpya ikija) ikajaribu kukompaili upya draiva ya kadi ya mtandao tuliyokuwa tumeiweka sisi wenyewe kutoka nje, ikafeli kimya kimya maana kuna fankisheni ilipunguziwa kitu, netif_napi_add, ile namba ya uzito ya mwisho iliondolewa kwenye 6.1. Seva ikariboti. Asubuhi mashine iko hai, inapumua, ila haina mtandao, na iko mkoa mwingine. Nilipanda basi saa kumi na moja alfajiri kwenda kufuta namba 64 kwenye mstari mmoja. Nakumbuka nimekaa kwenye kiti cha chumba cha seva nauangalia ule mstari, nikasema kumbe ni hii tu.

Na cha kuumiza zaidi ni kwamba ile 64 karibu kila mtu alikuwa anaandika 64. Ndo maana wakaiondoa. Ukiniuliza kama ni sahihi, ni sahihi. Nauli nani ananirudishia?

#5 Jiwe la Msingi
Naomba nirekebishe kitu kwenye #1. Sio kweli kwamba Linux haina API inayotulia. Ziko mbili hapa na watu wanazichanganya kila siku.

Ya kwanza ni ile ya kati ya programu za kawaida na kerneli, sistimu kolu. Hiyo haiguswi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anagombana na watu hadharani kwa ajili ya hiyo, ukivunja programu ya mtumiaji pachi yako (mabadiliko ya kodi uliyotuma) inarudishwa hata kama ulikuwa na haki. Programu iliyokompailiwa zamani sana, ikiwa imebeba kila kitu chake ndani, bado inawaka leo.

Ya pili ni ya ndani, draiva inavyoongea na kerneli. Hiyo hawajawahi kuahidi itatulia. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kerneli, kaandika hati nzima, imo ndani ya kerneli yenyewe, anaeleza kwa nini hawataki, na mfano wake mmoja ni USB, kwamba wameiandika upya zaidi ya mara mbili, na wasingeweza kurekebisha makosa ya mwanzo kama wangetakiwa kubeba na njia za zamani.

Nyumba ina sebule na jiko. Sebuleni mgeni akija mwaka huu na mwakani anakuta kiti palepale. Jikoni mama mwenye nyumba anahamisha sufuria anavyotaka, haombi ruhusa ya mgeni.

#6 NgalawaMbili
@Jiwe la Msingi nimekuelewa, nimerekebishika. Lakini sasa mimi ni mpangaji ninayepikia humo jikoni, sio mgeni.

#7 Jiwe la Msingi
Ndo wanakwambia leta sufuria yako ndani, iwe ya nyumba. Yaani peleka draiva yako iingie kwenye kerneli. Ikishakuwa ndani, anayebadilisha njia analazimika kurekebisha na draiva yako pia kabla pachi yake haijapokelewa. Wewe unalala.

#8 kamba_za_umeme
"Peleka draiva yako ndani" mnaisema kama vile ni kupeleka barua posta. Draiva ya kihisi cha joto niliyoandika kwa ajili ya bodi moja tu ya mradi wa shuleni, nani anaitaka kule? Mtu wa kuipitia yuko wapi? Wasimamizi wenyewe wanalia kila mwaka kwamba wamezidiwa na pachi.

Mimi naamini sababu halisi ni hii: kuyumbisha njia za ndani ni fimbo ya kuwapiga makampuni yasiyotaka kufungua kodi zao. Wanajua ukikaa nje utateseka, na wanataka uteseke ili uingie. Hawasemi hivyo ila ndo inavyofanya kazi.

#9 BodiYaKijani
@kamba_za_umeme kama ni fimbo, kwa nini wanahangaika miaka na miezi kubadilisha polepole? Fimbo unapiga mara moja. Angalia ile remove ya platform aliyoisema mleta uzi, nimeifuatilia tangu mwanzo kwa sababu nina vipachi vyangu viwili humo, vidogo tu.

Ilikuwa hivi. Draiva ina probe, inaitwa kifaa kikipatikana, na remove, inaitwa kifaa kikiondoka. Probe inarudisha int na ina maana, ukirudisha kosa kerneli inajua kifaa hakijakubali. Remove nayo ikawekwa int, nadhani kwa kufananisha tu. Sasa mtu anaandika draiva, anafika kwenye remove, anajaribu kuzima kifaa, kifaa hakijibu, anasema basi narudisha -EBUSY (kosa la "kifaa kina shughuli") ili kerneli ijue nimeshindwa. Akirudisha hapo anakuwa ameruka mistari yote ya chini, ile ya kuachia memori, kuzima saa, kujiondoa kwenye orodha. Na kerneli inafanyaje na hiyo -EBUSY? Inaandika onyo kwenye logu kwamba remove imerudisha kitu kisicho sifuri na kitapuuzwa, halafu inaendelea kukiondoa kifaa! Kwa sababu kifaa kishachomolewa, utakatalia wapi? Vilivyowekwa kwa devm (njia ambayo kerneli inakusafishia yenyewe kifaa kikiondoka) vinaachiwa, ambavyo mwandishi aliviruka vinabaki vinaning'inia, na siku kitu kikija kuvigusa mashine inaanguka.

Yaani ile int ilikuwa inamdanganya mwandishi kwamba kuna mtu anamsikiliza.

Uwe Kleine-König ndo aliyelibeba. Hakuweza kubadilisha siku moja, draiva ziko mamia kwa mamia na kila eneo lina msimamizi wake. Akaweka jina la pembeni, remove_new, isiyorudisha kitu, akawa anahamisha draiva mojamoja, nyingine anakuta kabisa zina hilo kosa la kutoka mapema, anarekebisha. Mwaka 2024, kwenye 6.11, remove yenyewe ikawa haina jibu, na jina la remove_new likaachwa kwa muda ili ambaye hajahama asikwame, ndo baadaye likafutwa. Mpiga fimbo hawezi kuwa na subira ya hivyo.

#10 kamba_za_umeme
Sawa hiyo nimeipenda. Ila umejibu kwa nini wanabadilisha polepole NDANI. Wa nje hakuna aliyemsubiri.

#11 Luthuli_Repairs
Sasa wasee. Mimi niko Nairobi, natengeneza simu, nasoma hapa kimyakimya tangu juzi. Kuna kitu hamjagusa. Android iko juu ya hiyo hiyo Linux na wao walisema hapana, tunataka draiva isivunjike. Ndio maana kutoka Android 8 wakaleta ile kerneli moja ya wote, GKI, mtengenezaji wa simu anakuja na draiva zake kama moduli tu na Google anabadilisha kerneli chini yake. Kama Google ameweza, hawa wengine wanashindwa nini?

#12 Jiwe la Msingi
@Luthuli_Repairs karibu sana kaka. Marekebisho madogo: Android 8 ya 2017 ilikuwa Treble, ile ilitenganisha Android yenyewe na vitu vya mtengenezaji kule juu, sio ndani ya kerneli. GKI ikawa lazima kwa simu zinazotoka na Android 12 zenye kerneli 5.10.

Na ule utulivu una mipaka. Wanagandisha orodha ya alama (majina ya fankisheni na data za kerneli) ambazo moduli zinaruhusiwa kutumia, kwa tawi moja. Moduli iliyojengwa kwa android12-5.10 huichukui ukaipachika kwenye android13-5.15, inakataa. Kwaiyo hawajatuliza njia za ndani za Linux, wamepiga picha ya siku moja na wanailinda ile picha kwa miaka kadhaa, na kuna watu wanalipwa mshahara kuilinda.

#13 Luthuli_Repairs
Asante kwa kunirekebisha, nilichanganya hizo mbili. Lakini umeona umesema nini hapo mwisho? Kuna watu wanalipwa. Hiyo ndiyo jibu la huyu mwalimu. Utulivu unawezekana, ni gharama tu, na gharama inamfuata asiye na pesa.

#14 Mama Seva
Hapo Mkenya kasema 👏 Red Hat, kampuni inayouza Linux kwa makampuni, nao ndo biashara yao ilipo, wana orodha ya alama za kerneli wanazoahidi hazitabadilika ndani ya toleo kubwa moja. Unalipia.

#15 mpita_njia_77
Mkenya kaandika Kiswahili kimenyooka kuliko nusu ya watu humu, nimeshtuka 😄

#16 Luthuli_Repairs
@mpita_njia_77 mama yangu ni wa Voi, wacha mchezo.

#17 dhow_bsd
Habari zenu. Mimi niko Unguja na ni mtu wa FreeBSD (mfumo mwingine, sio Linux), najua mtanicheka. Kule tuna desturi tofauti: ndani ya toleo kubwa moja, mfano 14, njia za moduli hazivunjwi kwa makusudi, moduli ya 14.0 inatakiwa ipande 14.1. Inatakiwa nasema, kwa sababu moduli ya grafiki imewahi kunigomea ikabidi niikompaili tena.

Ila kinachonifanya niandike ni namna tulivyorahisisha draiva za mtandao. Zamani draiva ilikuwa inaingiza mkono moja kwa moja ndani ya ile strakcha ya ifnet (kifurushi cha data kinachowakilisha kadi ya mtandao), inasoma na kuandika sehemu inayotaka. Ukitaka kusogeza sehemu moja tu, kila draiva inavunjika. Kuelekea 14 ikafichwa, draiva sasa inapita kwenye fankisheni ndogo za kuuliza na kuweka, haijui ndani kuna nini. Kazi ya kuhamisha draiva zote ilichosha watu, lakini kuanzia hapo unaweza kupanga upya ndani bila kumgusa draiva. Huko ni kuficha, wala sio kugandisha, na mimi naona ndiyo njia ya katikati.

#18 BodiYaKijani
Hakuna wa kukucheka mkuu. Ila kuficha kila kitu nako kuna bei, kwenye draiva ya mtandao inayosukuma mamilioni ya pakiti kwa sekunde kila kuita fankisheni kunahesabika. Linux wanafanya hivyo sehemu nyingine, nyingine wanaacha wazi kwa makusudi.

#19 chumvi_ya_uvinza
Mnasahau usalama. Hamjaigusa taima, na ile ndo ilivunja draiva za nje nyingi kuliko class_create.

Kabla ya 4.15 (Januari 2018) ukitaka kerneli ikuite baada ya muda fulani ulikuwa unajaza strakcha yenye vitu viwili vimekaa jirani: anwani ya fankisheni ya kuita, na data ya kuipa, unsigned long tupu, yaani namba tu. Sasa mvamizi akipata kufurika kwa memori jirani na pale, anaandika vyote viwili kwa mpigo mmoja. Yaani anachagua fankisheni gani ya kerneli iitwe NA iitwe na nini. Ni kama kumkabidhi mwizi ufunguo na ramani ya nyumba kwa pamoja. Kees Cook na wenzake wakaondoa ile data kabisa. Kuanzia timer_setup fankisheni yako inapewa pointa ya taima yenyewe, na kutoka hapo unahesabu kurudi kwenye strakcha yako iliyobeba ile taima. Kodi ikawa fupi zaidi pia, maana karibu kila mtu alikuwa anabadilisha pointa kuwa namba halafu namba kuwa pointa, bila kompaila kuweza kumwambia amekosea.

Kwaiyo mimi sikubaliani na fimbo, na wala sikubaliani na usafi. Mengi ya haya ni kuziba matundu, na njia nyepesi ni njia yenye sehemu chache za kukosea.

#20 kamba_za_umeme
THIS_MODULE ya class_create ilikuwa tundu gani?

#21 chumvi_ya_uvinza
Hiyo haikuwa tundu. Nimesema mengi, sijasema yote.

#22 Mzee wa Modemu
Vijana hamjambo. Nimesoma mpaka hapa na naona mnaongea kama mambo yameanza jana.

Mimi nilikuwa na intaneti kafe Mwanza miaka ile ya kerneli 2.4. Modemu zilizokuwa zinapatikana kwa bei ya kueleweka ni zile ambazo nusu ya kazi inafanywa na prosesa, zilihitaji draiva ya pembeni yenye kipande kilichofungwa huwezi kukisoma. 2.6 ilipotoka Desemba 2003 kila kitu kilibadilika, hata moduli yenyewe ikaacha kuitwa .o ikawa .ko. Modemu zangu tatu zikabaki kwenye 2.4 mpaka nilipofunga lile duka. Kwaiyo kijana mleta uzi maumivu yako nayajua.

Lakini nataka nikuoneshe kitu kimoja kinachokwenda kinyume na hiyo remove aliyoeleza BodiYaKijani. Kwenye 2.4 fankisheni ya kushughulikia interapti (kifaa kinapomwita prosesa) ilikuwa hairudishi kitu. 2.6 wakaiongezea jibu, draiva iseme IRQ_HANDLED kama interapti ilikuwa yake au IRQ_NONE kama sio yake. Wakaongeza, hawakupunguza! Kwa nini? Kwa sababu kuna anayelisikiliza lile jibu. Vifaa kadhaa vinatumia laini moja ya interapti, laini ikishikwa na kifaa kibovu inapiga kelele bila kukoma, na kila draiva ikisema sio yangu, kerneli inahesabu. Katika interapti 100,000 zikifika 99,900 ambazo hakuna aliyezikubali, inaizima hiyo laini na kuandika kwamba hakuna aliyejali. Bila lile jibu mashine ingeganda tu na usijue nini kimeiua.

Miaka michache baadaye, 2006, kwenye 2.6.19, fankisheni hiyohiyo wakaiondolea pt_regs, ile picha ya rejista za prosesa iliyokuwa inapitishwa kila interapti wakati karibu hakuna draiva inayoitazama. Mahali palepale, wameongeza kimoja na kutoa kingine. Mtu akikwambia kurahisisha ni kupunguza tu, mwambie akaangalie hapo.

#23 NgalawaMbili
Shikamoo mzee. Hii ya #22 naiprinti naipeleka Jumamosi kama ilivyo.

#24 Mzee wa Modemu
Marahaba. Kaziandikie mkono ubaoni, wataelewa zaidi.

#25 nusu_pachi
Ngoja niongee ambalo hakuna anayetaka kulisema. Kuna watu wanafanya hizi pachi za kubadilisha jina na kupunguza vitu kwa sababu zinahesabika. Kila toleo zinatoka takwimu za nani kachangia pachi ngapi, kampuni gani ya ngapi. Kubadilisha mstari mmoja kwenye draiva 300 ni pachi 300. Mfano mdogo, del_timer imekuwa timer_delete, kwenye 6.15 wakabadilisha kerneli nzima na jina la zamani likaondoka. Kazi ni ileile. Jina tu. Sasa mtu wa nje anatafuta usiku kucha kwa nini del_timer_sync haipo.

#26 BodiYaKijani
Majina nayo yana kazi mkuu, ukiwa na timer_setup, timer_delete, timer_shutdown, unatafuta neno moja unaziona zote. Ila sikatai wapo wanaopenda kuhesabiwa.

Na kuhusu kubadilisha draiva 300, siku hizi watu wengi hawafanyi kwa mkono. Kuna Coccinelle, chombo chenye jina la Kifaransa, kazi ya Julia Lawall na wenzake. Unaandika kanuni kwamba popote penye umbo hili weka umbo lile, kinapita kerneli nzima na kinaelewa kodi ya C, hakitafuti maneno tu kama sed. Jina lake ni yule mdudu mwekundu wa madoa meusi anayekula vidukari. Bila chombo kama hicho mengi ya haya mabadiliko yasingejaribiwa hata kidogo.

#27 kamba_za_umeme
Haya sasa, umenipa hoja. Kama kuna kanuni iliyoandikwa tayari inayojua kubadilisha draiva zote za ndani, kwa nini isiwekwe wazi kila mara, mtu wa nje naye aipitishe kwenye draiva yake? Mara nyingine inawekwa kwenye maelezo ya pachi, mara nyingine hakuna. Hilo tu lingemwokolea Mama Seva nauli.

#28 Mama Seva
Amina.

#29 chumvi_ya_uvinza
Hiyo nakubali bila ubishi.

#30 kobe_wa_changuu
Mimi ninaogopa zaidi urahisi unaoficha mtego. Mnaisifia devm, na kweli toka 2007 kwenye 2.6.21 Tejun Heo alipoileta imefuta mistari mingi sana ya kusafisha, unaomba memori kwa devm_kzalloc na kifaa kikiondoka inaachiwa yenyewe. Tamu. Sasa chukua kamera ya USB, programu imefungua /dev/video0, mtu anachomoa waya. Kifaa kimeondoka, devm inaachia memori, lakini programu bado imeshika faili! Ikiuliza chochote kerneli inakwenda kusoma memori ambayo imeshapewa mtu mwingine. Mwandishi wa draiva hajaandika kosa lolote linaloonekana, kila mstari wake ni msafi na mfupi. Nilitafuta kosa la namna hiyo kwenye bodi ya kazini wiki mbili, lilikuwa linatokea tu mtu akichomoa waya katikati ya picha.

Kwaiyo njia nyepesi kuandika na njia nyepesi kuielewa ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi tunapewa ya kwanza tunadhani tumepewa zote.

#31 Jiwe la Msingi
Ndo maana wale wa Rust (lugha nyingine ya kuandikia programu badala ya C) wanasema mambo kama hayo ya nani anaishi muda gani yaandikwe kwenye aina zenyewe, kompaila ikukatalie. Imeingia kwenye kerneli na 6.1, Desemba 2022. Kuandika vile vifuniko vya Rust kumewalazimisha watu kuuliza kanuni ambazo hazikuwahi kuandikwa popote, zilikuwa kichwani mwa msimamizi tu. Na ugomvi umekuwa mkubwa, maana anayebadilisha upande wa C anauliza nani atarekebisha upande wa Rust.

#32 nusu_pachi
Ukileta Rust uzi unafika kurasa 40. Tuiache tafadhali.

#33 dhow_bsd
@NgalawaMbili kwa ushauri wa darasani, nimeangalia mifano ya Linux hapa. Kwa nini usiwaanzishe na misc_register? Unampa jina, file_operations, na MISC_DYNAMIC_MINOR, basi faili linatokea /dev. Hakuna alloc_chrdev_region, hakuna cdev_add, hakuna class_create wala device_create. Hatua nne tano zinakuwa moja, na kwa miaka mingi haijawasumbua watu.

#34 BodiYaKijani
Mtu wa FreeBSD katupiku 👏 Nakubali. Draiva yenye kifaa kimoja tu haina sababu ya kupita njia ndefu.

#35 Mzee wa Modemu
Mimi sikubali sana. Wakianza na misc hawatajua namba kubwa na ndogo za kifaa zinatoka wapi. Waanze na ndefu, waumie kidogo, halafu uwape fupi.

#36 Luthuli_Repairs
Mzee, wataumia na hao wanne watabaki wawili. Nimefundisha watu kazi hapa dukani, nawaambia.

#37 NgalawaMbili
Wakuu nimerudi, asanteni. Jumamosi nimewaandikia ubaoni ile ya interapti na ile ya remove, bega kwa bega, nikawauliza kwa nini moja iliongezewa jibu na nyingine ikanyang'anywa. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, kasema "pale kuna mtu anasubiri jibu, huku hakuna." Nilifurahi mno.

Waifai nayo: kumbe chipu ya dongo yangu ni ya Realtek, na kuanzia 6.2 draiva ya rtw88 iliyomo ndani ya kerneli ilianza kukubali za USB. Nimeweka kerneli mpya, nimefuta ile ya pembeni, inashika. Kwaiyo Jiwe la Msingi sufuria imeingia ndani bila mimi kuipeleka, kuna watu wameipeleka na siwajui.

Ila la noti zangu bado. Yule mwenye 5.15 hawezi kusasisha, laptopu yake ni ya zamani na bando la kupakua kerneli na kila kitu ni pesa. Kwaiyo faili moja sasa hivi lina #if LINUX_VERSION_CODE (kodi ya kuchagua kwa toleo la kerneli) sehemu tatu, moja ya class_create, moja ya remove, moja ya taima, na linatisha kuliko draiva yenyewe. Kuna mtu ana namna nzuri ya kuliweka hilo?

#38 Mama Seva
Hizo #if zitoe kwenye draiva, ziweke zote kwenye faili moja la pembeni, compat.h, draiva yenyewe iandike ya kisasa tu. Siku kijana akipata laptopu nyingine unafuta faili moja. Na kabla hujariboti mashine yoyote yenye draiva ya nje, andika kwanza dkms status uone kama imejengeka kwa kerneli mpya, na ile kerneli ya zamani usiifute kwenye GRUB (menyu ya kuchagua kerneli ya kuwashia). Mimi nimelipia somo hilo kwa nauli.

#39 kamba_za_umeme
Hiyo compat.h ndo kila mtu wa nje anayo, kila mtu kaandika ya kwake, zote zinafanana. Mleta uzi, ukimaliza ya kwako iweke hapa tuianze moja ya pamoja.

#40 NgalawaMbili
Naiweka Jumapili. Itaanza na 5.15 mpaka 6.11, mwenye za chini ya hapo aongeze.

#41 Mzee wa Modemu
2.4 naongeza mimi.